Nakuja ya Ujiji

Nakumbuka siku moja ya kupandisha wageni melini, hapa hapa bandarini Kigoma, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha sare mpya. Mwanangu, kesho nawe unaanza kazi kwenye meli ya watalii, basi kaa nikusimulie. Kaa kabisa, usisimame mlangoni; najua ukisimama hapo utaniambia "shangazi, nakuja", kisha nikuone magharibi.

Meli yetu ilikuwa inakwenda kusini safari ya siku kumi, kuona sokwe wa Mahale. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Kabla ya kupanda, wageni walipelekwa kwanza Ujiji kwa magari mawili kuutazama mji, na mimi ndiye niliyekabidhiwa orodha ya majina. Mkuu wa mabaharia alikuwa Mzee Ruhaga, Muha wa Kagunga. Alinisalimia "Mwakeye", akaniambia kazi yangu ni moja tu: waliotoka wote, warudi wote. Nikaitikia haraka haraka, maana nilijiona najua.

Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, aliyeingoja safari ile miaka mingi na kujifunza Kiswahili kwa vitabu. Ukimsemesha Kiingereza hakujibu, ni Kiswahili tu. Pale Ujiji alisimama kwa mama mmoja muuza mawese, akawa anauliza mafuta yanakamuliwaje. Nikamwambia, "Mama, subiri hapa, nakuja." Nikaenda kuwapanga wenzake. Gari la kwanza likajaa, dereva akaniita, nikaruka ndani nikiamini bibi atapanda la pili. Dereva wa la pili naye akaamini nimemchukua mimi.

Bandarini kila mgeni alipanda ngazi akitaja jina lake nami natia alama. Jina moja likabaki. Lilikuwa la yule bibi. Nahodha alikuwa ameshasema kwamba saa kumi tunang'oa nanga, maana upepo ulikuwa unainuka na hakutaka kukutwa na giza kwenye mawe ya huko mbele. Bibi akiachwa, meli hairudi. Safari yake ingeishia pale pale kwa muuza mawese, na kazi yangu ingeishia siku ile ile.

Mzee Ruhaga hakupaza sauti. Aliniuliza nimemwachaje, nikamweleza.

"Ulipomwambia nakuja," akasema, "miguu yako ilikuwa inaelekea wapi?"

Aibu ile naisikia hadi leo. Sisi tumezoea, mwanangu. Mtu anaondoka huku anasema nakuja, na anayebaki anajua kwamba hapo hakuna la kungoja. Yule bibi alijifunza neno kama lilivyo, akaliamini.

Nikashuka ngazi mbio kuliendea gari. Nilipofika chini nikageuka, likanitoka tena: "Mzee, nakuja."

"Haya," akasema. "Hiyo nitaishikilia."

Ujiji nilimkuta ameketi juu ya dumu, kanga ya muuza mawese kichwani, uso umeiva kwa jua. Mama muuza mawese alinigombeza hasa. Alisema walimwambia bibi kwamba magari yameondoka, wakamtafutia mtu wa baiskeli ampeleke bandarini, akakataa katakata kwa sababu binti amesema anakuja.

Bibi aliponiona alisimama, akakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Umekuja," alisema, bila hasira hata chembe.

Angenitukana ningepata nafuu. Nililia garini njia nzima, na yeye ndiye akawa ananibembeleza.

Tulipofika saa kumi ilikuwa imeshapita, na meli ipo. Mzee Ruhaga alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi, anatafuna karanga kama mtu aliye kwake. Baadaye nilisimuliwa kwamba nahodha aliagiza ngazi ivutwe mara mbili, na mara zote mbili mzee alimjibu kwamba binti amesema anakuja.

Sasa wewe. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila ziko ahadi ndogo ambazo hata hatuzioni zikitutoka mdomoni. Ukiwa unaondoka, sema naondoka. Sema unakwenda wapi na utarudi lini, na kama hurudi, mgeni wako mkabidhi kwa mtu, mkono kwa mkono. Usipande gari ukidhani mwenzako ameona. Muulize, hata akikucheka. Ukikosea, na utakosea, kimbia ukatengeneze kwanza, wa kumlaumu utamtafuta baadaye. Mimi nilipomtafuta wangu sikumpata ila kwenye kioo.

Mungu akutangulie, ziwa likupokee kwa upole, na utakaowapandisha wawe ndio utakaowashusha. Nenda kapige pasi sare yako. Na siku ya kurudi, ukinipigia simu kutoka bandarini ukasema unakuja, nitainjika maji ya ugali saa hiyo hiyo.