Supu ya Nyanya ya Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kisu wala mwiko. Nilipewa nyanya. Madamu, mke wa bwana aliyeniajiri, alizileta kwenye bakuli la bati, nyanya zilizoiva mpaka ngozi inataka kupasuka yenyewe, akaniambia nikunje mikono ya shati na kuziponda kwa vidole. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka mtaani kwetu Buyenzi kwa miguu, nimevaa shati langu la Idi, maana baba mdogo alinionya kwamba kwa watu wale mtu haingii jikoni mchafu. Nyanya ya kwanza ilinirukia kifuani. Madamu hakucheka.

"Pole pole," alisema. "Nyanya iko mutoto. Usimupige."

Baba mdogo alikuwa fundi wa magari, na mimi nilikuwa nikijifunza kwake bila mafanikio. Chochote nilichofungua kilifunguka, ila kukirudisha ndiko kulikonishinda. Mteja wake mmoja alikuwa injinia wa kiwanda cha sabuni, mtu wa kusini mwa India, mpole, mwenye gari bovu. Siku moja aliulizia mtu wa jikoni. Baba mdogo alinionyesha kwa spana aliyoishika, nikiwa nimelala chini ya gari, akasema, "Mi niko na mutoto hapa, magari yamemushinda. Mumujaribu kwa sufuria." Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo nimeifanya mpaka magoti yaliponikataa.

Zamani mtu hakuanza na kupika. Ulianza na kuosha vyombo, ukapanda kumenya, ukapanda kukaanga, na siku uliyokabidhiwa kutia chumvi ndiyo siku uliyokuwa mpishi. Mimi nilirushwa ngazi zote hizo kwa sababu Madamu hakuwa na mtu mwingine. Na kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa supu ya kwao ya nyanya, ambayo wao huiita rasamu.

Niwaeleze inavyopikwa, kwa sababu siku hizi naona vijana mnachemsha nyanya na unga mnaiita supu. Nyanya zinapondwa kwa mkono, mbegu zisivunjike zikaleta uchungu. Ukwaju unalowekwa kwenye maji ya moto, unakamuliwa, makapi yanatupwa. Vyote viwili vinachemka pamoja na manjano na chumvi mpaka harufu mbichi ya ukwaju iondoke. Jambo hilo huwezi kuliona, unalinusa tu. Kisha unaongeza maji ya dengu zilizochemshwa mpaka zikavurugika, na pilipili manga na bizari nyembamba zilizotwangwa siku hiyohiyo. Hapo usiondoke. Povu litapanda kutoka pembeni likija katikati, na likikutana unaepua mara moja. Ikichemka tena baada ya hapo imekufa, unaweza kumwaga.

Mwisho kuna kazi tuliyoiita kupasua. Samli inapata moto kwenye kikaango kidogo, unatia mbegu za haradali, zinapasuka na kuruka kama bisi, unafuatisha pilipili nyekundu kavu, majani ya mkari yenye harufu ya mchuzi, na mvuje kidogo sana. Mvuje ni utomvu mkavu unaonuka vibaya ukiwa mbichi, lakini ukikutana na samli unanukia nyumba nzima. Unamwagia vyote juu ya supu, inalia, unafunika haraka usiiache harufu itoke.

"Hii si ya kushiba," Madamu aliniambia. "Hii ya mutu amechoka."

Bwana Injinia aliporudi kutoka kiwandani aliinywa kabla ya kuvua viatu, kwenye kikombe cha chuma, amesimama. Siku za mvua aliomba cha pili. Aliposhikwa na malaria hakukubali kitu kingine. Nilimtazama mtu mzima akifumba macho juu ya kikombe, nikaelewa kwamba mkononi mwangu kuna kitu cha maana. Nilikuwa kijana. Niliamini kabisa kwamba hakuna mgonjwa ambaye supu ile ingemshinda.

Nilipomwoa Hadija, nilimpelekea kidogo kwenye kopo. Yeye ni mtoto wa Buyenzi kama mimi, aliyelelewa kwa wali, maharage na samaki mukeke wa kukaanga. Alionja, akanitazama.

"We, hii ni supu ama dawa?"

Alikinywa kilichobaki ili nisione aibu. Lakini alipomzaa Zuhura, binti yetu wa pekee, homa ikamlaza kitandani, aliniomba mwenyewe. "Niletee yale maji ya Madamu." Akanywa, akatoka jasho, akalala usingizi wa kweli na mtoto pembeni. Tangu hapo, mafua yakimpata, au akifiwa na mtu wake, nilijua ataniomba nini.

Mkataba wa Bwana Injinia ulipokwisha walirudi kwao. Madamu alinishika mikono yote miwili mlangoni, akasema neno la lugha yake ambalo sikulijua, nami sikuuliza. Barua haikuja. Nyumba ile ikachukuliwa na watu wengine waliokuja na mpishi wao.

Kituo changu cha pili, na cha mwisho, kilikuwa nyumba ya wageni kule Mutanga Nord. Msimamizi wake tulimwita jera, kama wanavyofupisha kwa Kifaransa. Alikuwa mtu wa Gitega, mwenye tai hata siku ya joto, mkali wa usafi, na hakunidhulumu. Alinisikia nikisifiwa kwa supu ya nyanya akaiweka kwenye orodha ya vyakula. Baada ya muda aliniita.

"Shefu, wageni wanasema supu yako iko nyepesi. Ongeza unga na krimu."

"Patro, ikiwa nzito si ile tena."

"Najua. Lakini njo ile wanataka. Na yale majani toa, wanasema yanashika mu meno."

Nikaongeza unga, nikaongeza krimu, nikatoa majani. Alikuwa mkubwa wangu, na mgeni anayelala nyumba ya watu ana haki ya kula anachotaka. Miaka ikaenda hivyo. Nilipika kuku, nilipika samaki wa ziwa kwa limau, nilipika viazi kwa namna zote. Nilitoka nyumbani Hadija akiwa bado hajawasha makala, mkaa wa jikoni, nikarudi akiwa amekwisha kula. Siku za vurugu, njia ya kwenda Buyenzi ikiwa haipitiki, jera alinipa godoro stoo nikalala huko, Hadija na Zuhura wakiwa peke yao. Wapishi wenzangu wanajua maisha hayo. Unawalisha watu usiowafahamu majina, na wa kwako wanajilisha.

Magoti yalipokataa ngazi za pale, niliagwa vizuri, kwa soda na maneno. Nikarudi nyumbani na sufuria zangu. Hadija alinipokea getini.

"Baba Zuhura, sasa utanipikia miye."

"Nitakupikia mpaka unikataze."

Tulikuwa na muda mfupi wa raha. Asubuhi tulikaa uani, yeye akichambua mchele, mimi nikimkosoa, yeye akinifukuza. Kisha siku moja alikula kipande cha chapati, akaweka kidole kifuani. "Imesimama hapa." Akanywa maji, ikashuka. Wiki nyingine ikawa wali. Baada ya hapo hata ndizi iliyopondwa ilisimama.

Tulikwenda hospitali upande wa Kamenge. Esansi, mafuta ya magari, ilikuwa imekosekana mjini, mabasi machache, watu wamejaa vituoni wakingoja gari lisilokuja, kwa hiyo safari nyingine tulitembea, tukipumzika kwenye vibaraza vya maduka, naye akijifanya anatazama vitenge ili nisione anavyohema. Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alimpima, alirudia vipimo, akanieleza kwa Kifaransa kwanza, halafu akaona uso wangu akaeleza upya.

"Muzee, njia ya chakula imeziba, na ugonjwa umeshatembea mbali. Kupasua hakutamusaidia. Mumupe vitu vya majimaji."

"Mpaka lini?"

Alimtazama Hadija, si mimi. "Kadiri atakavyoweza, mama."

Njiani Hadija alizungumza juu ya paa la jikoni linalovuja. Tulipofika nyumbani alijilaza, akasema, "Nipikie yale maji ya Madamu."

Niliwasha mbabula, jiko letu la makaa. Zuhura, ambaye ameolewa Kamenge, alileta nyanya nzuri na ukwaju. Mvuje niliupata kwa mfanyabiashara mmoja mzee wa Kihindi mjini. Nilipika yote kama nilivyofundishwa, nikaepua povu lilipokutana. Hadija alikunywa robo ya kikombe, akakohoa mpaka macho yakajaa machozi.

"Tamu," alisema. "Ila pilipili inakwaruza."

Siku iliyofuata nikatoa pilipili. Akavumilia siku chache. Kisha pilipili manga ikamchoma, nikaitoa. Ukwaju ukawa kama anamwagiwa moto kwenye kidonda, nikautoa, nikaacha uchachu wa nyanya peke yake. Majani na haradali vilikwama, nikachuja supu kwa kitambaa, mara mbili, mpaka ikawa maji mekundu yasiyo na kitu ndani. Kila jioni nilisimama mbele ya mbabula nikifikiria cha kupunguza. Kazi yote niliyoifanya maishani ilikuwa ya kuongeza: kuongeza chumvi, kuongeza moto, kuongeza ladha. Kupunguza hakuna aliyenifundisha.

Siku moja alirudisha kikombe kabla ya kumeza.

"Umeweka nini humu?"

"Nyanya na chumvi tu, Mama Zuhura."

"Basi nyanya njo inaniunguza."

Nilikimwaga kikombe uani. Kesho yake nilimpikia maji ya dengu yaliyochujwa, na tone la samli. Aliyatazama.

"Supu iko wapi?"

"Njo hii."

"We muongo," alisema, akacheka bila sauti. Alijilazimisha kijiko kimoja kwa ajili yangu. Kilirudi.

Kisha nikapata wazo, nikalishika kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Niliingiza mbabula mpaka mlangoni pa chumba chake, nikapasua haradali kwenye samli, majani, mvuje, yote, bila supu ya kuyamwagia. Nilitaka apate harufu tu. Akafumba macho. Akavuta pumzi. "Acha mlango wazi," alisema. Nilifanya hivyo siku ya pili na ya tatu, na majirani wakafikiri tunapika karamu. Siku ya nne samli ilipopata moto tu alishika tumbo akatapika nyongo tupu, mwili mzima ukitikisika, Zuhura amemshika kichwa.

"Baba, toa," Zuhura alilia. "Toa moto!"

Nilitoa mbabula uani, nikamwagia maji makala, nikafunga mlango wa jikoni.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa amepungua hata shuka halikuonyesha mtu.

"Mama Zuhura, niambie nikupikie nini. Chochote. Nitakitafuta."

"Usinipikie kitu," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliiweka magotini, nikaiondoa, nikamshika mguu, akasema ninamlemea. Kila nilipotaka kusimama alisema, "Unaenda wapi?" Nilikuwa naenda jikoni, pasipo na kitu. Nilikaa tena. Nilimlowanishia midomo kwa pamba, basi. Hakuwa na njaa wala hakulalamika, na hilo ndilo lililonivunja. Njaa ya mtu naijua, nimeijibu maisha yangu yote. Yeye hakuwa akiniomba kitu.

Alifariki baada ya alasiri, watu wakitoka msikitini, wakiongea kwa sauti barabarani. Tulimzika mapema siku ya pili. Wanawake wa mtaa waliingia jikoni mwangu kupika chakula cha matanga, nami nikakaa mkekani na wanaume. Nilisikia kitunguu kinaungua. Sikunyanyuka. Mtu aliniletea sahani, nikala kilichokuwemo.

Vijana wa mikahawa wanakuja kwangu siku hizi. Wanataka niwafundishe supu ile, wanashika simu wanirekodi. Nawafundisha kama nilivyowaeleza ninyi hapa juu, sina sababu ya kuificha. Wazee wengi wakisimulia kazi zao humalizia kwa kuishukuru. Mimi siilaumu yangu, ilinilisha, ilimsomesha Zuhura. Lakini msinitake niseme kwamba imenifariji. Nilidhani nimejifunza kumtuliza mtu. Nilichojifunza ni kumlisha mtu anayeweza kumeza, na wale wote waliokunywa supu yangu wakafumba macho walikuwa wazima, hata wenye malaria. Ningeweza kulijua hilo mapema. Kulijua kusingebadilisha kitu.

Arubaini ilipopita Zuhura alikuja kufanya usafi. Aliosha sufuria moja moja, akazipanga juani uani, akafuta mbabula mpaka ikang'aa. Nilimwambia achukue vyote, na vikaango, na kinu.

"Vyote, Baba? Na weye utapikia nini?"

"Mi nimestaafu, mwanangu."

Alivipanga kimoja ndani ya kingine. Akavifunga kwa kitenge, akajitwika, akashika njia ya Kamenge kwa miguu kwa sababu basi halikuwepo. Nilisimama getini nikisikiliza vifuniko vikigongana kichwani kwake, mpaka alipokata kona.