Plasta Niliyorudi Nayo Busia

Mzungu wangu alikuwa mtafuta dhahabu, na balaa lote lilianzia hapo. Miaka ile Busia nzima ilizungumzia dhahabu ya Kakamega. Vijana walikwenda migodini mikono mitupu, wengine wakarudi na baiskeli mpya ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mimi nilikuwa mpishi tu. Mzungu alipochukua likizo kwenda kupanda Mlima Kenya, ule wenye theluji, alinichukua nikampikie.

Alikuwa na mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda mbele. Huko juu alizifunga miguuni akateleza kwenye mteremko mweupe, akicheka peke yake. Siku ya tatu, alipokuwa hemani akiandika, nikazifunga na mimi. Sitadanganya, niliona raha. Ila raha yenyewe haikufika mbali. Ubao mmoja ulikwama, mwili ukaendelea na safari, na mfupa chini ya goti ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

Wapagazi walinishusha kwa machela. Hospitalini daktari alinifunga plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, akanionya mara mbili: isifunguliwe kabla ya miezi miwili, la sivyo mfupa utaunga upande na nitachechemea maisha yangu yote.

Niliposhuka kwenye treni Tororo, kaka yangu, mnunuzi wa ngozi, alinisubiri na lori. Badala ya kunipa pole aliigonga plasta kwa kidole, akatega sikio.

"Mguu hii iko zito sana," alisema. "Ulianguka wapi?"

"Kwenye theluji. Nilikuwa nateleza na mbao."

Alimtazama dereva. Dereva akatazama barabara.

Nyumbani Busia wageni walikuja na sukari na maswali. Mtu mmoja kutoka Merikit, ambaye hajawahi kunipenda, alileta kuku akakaa mchana kutwa macho yakiwa kwenye mguu wangu. Wote waliuliza lile lile: mtafuta dhahabu anapanda mlima kucheza? Mtu mzima anateleza na mbao kwa faida gani? Na plasta nzito hivyo, ndani mna mfupa tu? Hata mimi, nikijisikiliza, nilianza kujitilia shaka. Kaka akinoa kisu chake cha ngozi, jasho linanitoka. Niliacha hata kusinzia mchana.

Mama peke yake ndiye aliyenitetea. "Mwanangu akisema theluji, ni theluji," aliwaambia. Alininywesha uji na kunikanda vidole. Nilimwamini kabisa.

Kisha Idi ikakaribia, na plasta ilikuwa bado na wiki tatu. Msikitini watu walinong'ona kuhusu udhu wangu, huu wa kuosha mguu mmoja. Mwalimu wa msikiti akasema mbele ya wote: apanguse kwa maji juu ya plasta, inatosha. Nilimpelekea mama habari hiyo mwenyewe, kwa furaha.

Alasiri ya kuamkia Idi aliingia na beseni la maji ya moto na kile kisu cha kaka.

"Idi haiswaliwi na mguu mchafu, mwanangu."

"Mama, mwalimu amesema nipanguse tu."

"Mwalimu hakukuzaa."

Nilimwambia mfupa haujaunga. Nilimwomba kwa jina la Mungu. Aliweka mkono juu ya goti langu akaanza kukata. Ningeweza kumsukuma, lakini sikuweza kumsukuma mama yangu.

Mguu ulitoka mwembamba, wenye magamba. Hakuutazama. Alivichukua vipande vya plasta, kimoja kimoja, akavitumbukiza kwenye beseni na kuvifikicha mpaka maji yakawa meupe. Kisha akayamwaga polepole, akapapasa ndani ya beseni kwa kiganja. Hamkuwa na kitu.

Nililia, na si kwa ajili ya mguu. Ndipo akachota maji mengine, akaniosha taratibu sana, bila kuinua macho. Sikumuuliza alikuwa akitafuta nini.

Mfupa uliunga upande, kama daktari alivyosema. Idi iliyofuata mama alinishika mkono nikichechemea mpaka mlango wa msikiti, na kila tuliyekutana naye njiani alimwambia kwamba mwanawe aliteleza kwenye theluji.