Mshale wa Filta

Ni mimi niliyefunga ile filta ya petroli kinyume. Nimekana jambo hili tangu darasa la nne, na chuo kikuu kiliniongezea tu ufasaha wa kukana.

Juzi petroli ilinimwagikia kiganjani, nikajiona tena chali chini ya kigari cha baba cha spoti, uani kwetu mtaa wa Dallas, mjini Embu. Filta ilijificha nyuma ya mabomba, na mkono wangu pekee ndio uliopenya.

"Mshale wake uangalie mbele, mami," baba aliniagiza mimi bintiye. Mshale huo huonyesha petroli inakoelekea. Nikaifunga hivyo.

Kigari kilizima karibu na Kiritiri, mama akatembea na viatu vya kanisa. "Mmekinywesha uji?" alifoka. Fundi alipogundua filta imegeuzwa, nilidhani nimekosea maagizo, nikaapa ameigeuza mwenyewe. Niliogopa kunyang'anywa spana. Baba alimlipa fundi, na Jumamosi iliyofuata akanikabidhi spana kubwa zaidi.

Basi juzi nikampigia simu, nikakiri.

Alicheka hadi akakohoa. "Petroli inaenda kwa injini, mami, na hiyo gari injini ilikuwa nyuma. Ni mimi nilisema mbele. Miaka hii yote naogopa utaniuliza."