Waliniambia ni macho yangu, kumbe walitoa kadi kwenye kompyuta

Mwenye ukurasa, jina langu liweke kando, maana hapa Kayole hakuna asiyenijua. Nina miaka sabini na moja. Shule niliachia darasa la tatu, mkiona nimekosea kuandika vumilieni, lakini kwa habari ya trela hamtanifundisha kitu. Nimeendesha Mombasa mpaka Kampala wengi wenu hamjazaliwa, na sijawahi kulaza lori ubavu. Mteremko wa Mazeras naujua kuliko mnavyojua ngazi za ploti zenu. Kampuni ilinisimamisha ikisema macho yangu yamechoka. Niliwaachia funguo zao, lakini inaniuma mpaka leo.

Sasa siku moja kwa kinyozi nikakuta vijana wanacheza gemu ya malori kwa kompyuta, wanashindwa kurudisha trela nyuma. Nikawaambia, "Tokeni hapo." Nikaiingiza mara moja tu. Mmoja akasema, "Huyu mzee ni noma." Nikaamua lazima ninunue yangu.

Mwanangu, nitamwita Musyoka ingawa si jina lake, hutengeneza kompyuta. Alitaka kunichagulia laptop nyembamba kama chapati. Nikakataa, lori hainunuliwi kwa wembamba. Tukazunguka maduka ya mjini, kila muuzaji anasema, "Mzee wangu, hii inabeba gemu yoyote." Nikiwaambia waiwashe hiyo gemu nione, wanaanza hadithi. Lori hujaribiwa mlimani ikiwa na mzigo. Mwishowe dada mmoja muuzaji akaniambia ukweli. "Mzee, kwa hiyo pesa yako achana na mpya. Chukua hii ya mtumba iliyotoka ofisini, haina sura lakini ina nguvu. Nitakuwekea kadi ya picha. Hiyo ndiyo injini ya gemu, bila hiyo itakuwa inakwama tu." Akaifungua, akanionyesha kadi yenyewe, akaichomeka. Nikamwambia aweke mvua, mzigo mzito na mlima. Ikapanda bila kukohoa. Nikalipa. Musyoka mwenyewe akasema, "Baba, hapo umenishinda."

Nikawa mtu tena. Nikimaliza chai ya asubuhi naingia barabarani. Ni barabara za ng'ambo, hazina mashimo wala punda, lakini gia ni gia. Bibi yangu akipita namwambia, "Mama Musyoka, leo nimebeba saruji, mvua imeninyeshea njia yote." Ananiangalia tu.

Kisha nikaenda mazishi ya rafiki yangu huko Machakos. Kurudi, bibi akaniambia Musyoka alipitia kusafisha vumbi kwenye mashine. Kutoka hapo lori ikaanza kushtukashtuka. Nikikata kona, inageuka nikiwa nimeshagonga. Nikamwita Musyoka. Akaangalia, akaniwekea mkono begani. "Baba, mashine iko sawa. Ni macho. Na mikono nayo, umri huo." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Wasomaji, nilimwamini. Nikasogeza kiti karibu, nikaosha miwani. Nawasha, nagonga, nazima. Nikaanza kusema moyoni kwamba kampuni ilikuwa na haki. Hata kuvuka Spine Road hapa mtaani nikawa naogopa, mimi huyu. Kwa kinyozi nikaacha kwenda, nanyolewa na bibi.

Lakini kichwa changu ni kigumu. Nikabeba hilo sanduku la kompyuta mpaka kwa yule dada wa duka, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Hakunijibu vibaya. Akafungua skrubu, akachungulia, akasema, "Mzee, kadi iko wapi? Hii haikuharibika. Imetolewa na mtu anayejua kazi." Nikamwomba msamaha mbele ya wateja wale wale.

Madereva tunaujua huo mchezo. Unaacha lori gereji, kurudi unakuta pampu yako nzuri imetolewa umewekewa kuukuu, na fundi anakuapia haki ya Mungu. Nimegombana na mafundi kama hao kutoka Mariakani mpaka Malaba. Sikujua nimemzaa mmoja.

Nyumbani nikamuuliza bibi. Hakukana. Akafungua kabati, akatoa kadi imefungwa kwa leso, akaiweka mezani. "Mimi ndiye nilimtuma. Miaka yote ulikuwa njiani, nikalea watoto peke yangu nikisema siku moja utarudi. Sasa umerudi, Baba Musyoka, uko hapo kwa kiti. Nakuuliza ugali au wali, unaniambia ngoja nipite mizani ya malori. Nikungoje mpaka lini?"

"Si ungenikataza?"

Akacheka kidogo. "Wewe, ni nani amewahi kukukataza kitu?"

"Na macho? Kwa nini mlinidanganya ni macho?"

Akakunja ile leso, akasema hayo yalikuwa maneno ya Musyoka, yeye aliyaacha tu yapite.

Musyoka anapiga simu, sishiki. Ametuma ujumbe, "Baba, tulifanya kwa sababu tunakupenda." Kama ni mapenzi, si wangechukua kadi waniachie macho yangu. Gemu ningesahau. Lakini mtoto wangu alinitazama usoni akanizeesha, na mama yake akasikia.

Sasa kadi iko mezani. Yule dada amesema niipeleke, atairudisha bure. Bibi naye amesema hataigusa tena, lakini siku mashine itakaponguruma, yeye anaenda kwa dada yake, na namjua, hatishi bure. Nikiacha kadi hapo, wameshinda kwa uongo. Nikiirudisha, nitaendesha nyumba ikiwa tupu. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Jana tulikaa, mashine imezimwa, chai iko mbele yetu, na sikujua nimwambie nini. Karibu miaka hamsini ya ndoa, na maneno yangu yote nilimalizia barabarani na taniboi, msaidizi wa lori.

Nyinyi mlio na ndoa na akili, nipeni shauri bila kunibembeleza. Niirudishe kadi, au nikae hapo mbele yake nijifunze kuongea? Na Musyoka akibisha mlango Jumapili, nimfungulie?