Sifuri ya Kituo Namba Sita

Siku ya kwanza kumwona Mama Taipu nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu, mpaka akaacha kuchapa akaniuliza kama nimekuja kununua kivuli. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya ofisi za wilaya, hatua nne kutoka dirisha la kupokelea barua. Mashine yake ya chuma ya kupigia taipu aliiweka juu ya kipande cha blanketi ili isigonge. Mimi ni fundi viatu, na kwa kuwa naona haya kuwatazama watu usoni, huwasoma kuanzia chini. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kamba, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, cha kulia kizima.

"Nataka barua," nikasema.

"Ya kuomba nini?"

"Kibali. Niweke sanduku langu la kazi pale mwisho wa baraza."

"Yaani unaomba ruhusa ya kukaa chini."

"Ndiyo, mama."

Akashusha pumzi, akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, akachapa. Alipomaliza akaniambia maneno aliyowaambia wateja wote: "Saini hapa, halafu upeleke mwenyewe kwa mkono." Nikapeleka dirishani. Karani akaipokea bila kuisoma.

"Rudi Jumatatu," akasema.

Nilirudi Jumatatu kwa miaka sita. Miaka hiyo yote nilikaa pale pale bila kibali, kwa sababu watoto hawali Jumatatu peke yake. Askari wa mji walipotokea nilisukuma sanduku langu chini ya meza ya Mama Taipu, naye akashusha sketi yake mbele na kuendelea kuchapa.

"Hapa kuna miguu yangu tu," alikuwa akiwaambia. "Mnataka kuikagua na hiyo?"

Hawakutaka.

Alikuwa na miaka hamsini na nane aliponiambia anagombea ubunge. Nilijigonga kidole kwa nyundo.

"Kwa chama gani, mama?"

"Cha kufuli wazi."

Kilikuwa chama kidogo, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, alama yake kufuli lililofunguliwa. Kilisema mtu mzima asiombe ruhusa ya kufanya kazi halali, kodi zipungue, na serikali ijishughulishe na machache. Mama Taipu alikutana nacho siku mwenyekiti wao alipokuja kuchapisha barua ya kuomba kibali cha mkutano. Alicheka mpaka akakosea tarehe, kisha akajiandikisha.

"Nimechapa 'naomba kibali' miaka ishirini na saba, Fundi," aliniambia. "Watu wazima, wana wajukuu, wanaomba ruhusa ya kuuza nyanya. Na kule dirishani wanaambiwa nini?"

"Warudi Jumatatu."

"Basi mimi nagombea dhidi ya Jumatatu."

Kampeni yake aliifanya kwa miguu. Alipanda juu ya kigoda penye lango la soko, mimi nimeshika kigoda kisiyumbe, kichwa chini.

"Serikali ikae barabarani, mahakamani na mpakani," alisema. "Dukani kwangu iingie kama mteja. Ibishe hodi, inunue, iende zake."

"Na maji atatuletea nani?" mtu akauliza.

"Aliyekuahidi mara tatu, ameshakuletea?"

Kinyozi wa pale sokoni, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, akapaza sauti. "Mama, ukifuta vibali utamchapia nani barua? Si utakufa njaa?"

"Nitachapa barua za mapenzi. Hizo hazina foleni."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Walimpenda. Kumpigia kura ni jambo lingine, na yeye alilijua hilo. Wiki moja kabla ya uchaguzi alituita mawakala wake kwenye baraza. Tulikuwa tisa, kila mmoja wa kituo kimoja, na kila mmoja alitakiwa kukaa kituo kile kile alichojiandikisha kupiga kura. Mimi nilikuwa wa kituo namba sita, darasa la shule ya msingi.

"Kushinda sitashinda, sina wazimu," alisema. "Lakini sitaki kuandikiwa sifuri mahali popote. Sifuri maana yake hata mtu wangu mwenyewe hakuniamini. Kila kituo nina wakala, na kila wakala ana kura yake. Hiyo moja tu ndiyo naiomba. Mnanijua, mimi si mtu wa kuomba."

Akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikatazama viatu vyake. Kisigino cha kushoto nilikuwa nimekibadilisha mara mbili tangu kampeni ianze.

Siku mbili kabla ya kura, karani aliniita dirishani. Hakuwahi kuniita. Akanisukumia karatasi yenye muhuri ambao wino wake bado ulishika kidole. Kilikuwa kibali changu.

"Mheshimiwa amekukumbuka," akasema. "Na wewe umkumbuke."

Mheshimiwa ni mbunge tuliyekuwa naye, aliyetaka kurudi. Ningependa kuandika kwamba karani alinitisha. Hakunitisha. Nilisema asante mara tatu, nikakificha kibali ndani ya sanduku chini ya vipande vya soli, ili mtu wa hatua nne kutoka pale asikione.

Nyumbani mke wangu alikisoma mara mbili, akaanza kutafuta fremu.

"Mkono mtupu haulambwi, baba watoto," alisema. "Huyo mama wa taipu amekupa nini?"

Nilikuwa na jibu la miaka sita, la sketi na meza. Sikulitoa.

Asubuhi ya uchaguzi nilipiga kura kabla ya kukaa kwenye benchi la mawakala. Ndani ya kile kibanda cha kadibodi nilijiambia kwamba kituo kina watu zaidi ya mia sita, hawakosi watano wa kufuli. Kura yangu moja haitajulikana, kama chembe ya chumvi baharini. Nilijiambia pia kwamba mtu akipewa kitu hurudisha fadhila. Nikaweka alama kwa Mheshimiwa. Kufunga kamba ya kiatu huchukua muda zaidi.

Jioni, jua likiwa bado madirishani, msimamizi wa kituo, mwalimu mwenye sauti ya kuita mahudhurio, alimaliza kuhesabu na kusoma matokeo.

"Kufuli wazi," akasema, kisha akageuza karatasi kutazama nyuma. "Sifuri."

Akaniangalia juu ya miwani. "Wakala wa kufuli, wewe si ulipiga kura hapa hapa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Alisahau miwani huyo!" akasema wakala mwingine, na darasa zima likacheka. Nilicheka nao, Mungu anisamehe. Kisha nikaletewa fomu, na kwenye mstari wake, pembeni ya ile sifuri, nikaweka saini yangu.

Fomu nilimpelekea asubuhi yake. Zile nane zilikuwa mezani tayari, amezipanga kwa namba za vituo. Kura kumi na moja, nne, saba, moja. Akaiweka ya sita mahali pake. Akaitazama sana.

"Saini hii ni yako?"

"Ndiyo, mama."

Akazibana zote kwa pini, akaingiza karatasi kwenye mashine, akamwita mteja aliyefuata. Wiki tatu zilipita tunapeana salamu tu. Askari wa mji walikuja mara moja. Nikawaonyesha kibali, wakakisoma, wakaondoka. Mama Taipu aliona yote. Siku hiyo nilijishona kidole badala ya kiatu.

Ijumaa moja, baraza ilipokuwa tupu, nilikwenda kusimama mbele ya meza yake kama siku ya kwanza.

"Nataka barua," nikasema.

"Ya kuomba nini?"

"Msamaha."

"Kwa nani?"

Nikaigusa meza yake kwa kidole. Akakitazama kile kidole, akachukua karatasi mbili na kaboni.

"Sema."

Nikasema. Dirisha, muhuri, kibanda cha kadibodi, kicheko. Alichapa bila kuinua uso. Nilipofika kwenye kura, alisimamisha mikono.

"'Nililazimika' au 'nilitaka'?"

"Nilitaka."

Akachapa hivyo. Nikaweka saini, akanirudishia ile barua, kwa sababu barua mtu hupeleka mwenyewe.

Kinyozi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba binti wa Mama Taipu alikuja Jumapili kumchukua mama yake akaishi naye mji mwingine, macho yalikuwa yanamsumbua. Nilifika mapema siku iliyofuata, nikakuta alama nne za miguu ya meza sakafuni. Sanduku langu liko pale mpaka leo, kwa kibali, na hakuna tena wa kunikinga kwa sketi yake.

Lakini Ijumaa ile alikuwa bado yupo. Nilimnyooshea ile barua kwa mikono miwili juu ya mashine. Aliipokea bila kuisoma, akaiweka kando. Kama alitabasamu au hakutabasamu sijui, kwa sababu nilikuwa natazama viatu vyake.

"Rudi Jumatatu," akasema.