Jioni Niliyouzima Mji

Niliuzima mji wa Mombasa kwa vidole viwili. Nakiri mapema, kabla hamjasikia kwa wengine.

Enzi zetu (msicheke, niko kidato cha tatu lakini nina enzi zangu) tukitazama filamu kwa jirani mmoja hapa mtaani Kuze aliyekuwa na mashine ya video. Viatu mlangoni, kachiri za muhogo mapajani. Kanda moja tuliirudia hadi ikakwaruza: kijana wa Kizungu anagonga kompyuta mara tatu, taa za mji mzima zinakufa. Hakosei herufi hata moja. Kompyuta inamjibu kwa sauti, tena kwa adabu kutushinda sisi madrasa. Tukaamini kompyuta zote zajuana, ukiiamuru moja zote hutii.

Siku hizo Mama alikuwa spitali. Ndugu yangu alizaliwa kabla ya miezi yake, akalazwa ndani ya sanduku la kioo lililopashwa joto kwa umeme. Siku ya nne, na alikuwa hajalia. Watu wazima wakinong'ona nikipita.

Mimi nikakaa na Mjomba Athmani, aliyekuwa akichapa barua za watu kwa kompyuta dukani mwake, barabara ya Ndia Kuu. Karibu na Magharibi akaenda kutawadha. "Kaa papo hapo, usiguse kitu," akanambia. Yakhe, mtu huambiwa hivyo akatulia? Nikatafuta herufi moja moja kama kuku adonoaye mchele: ZIMA TAA.

Kompyuta ikajibu kwa Kizungu kuwa amri hiyo haiijui. Nikacheka, nikaandika tena.

Feni ikasita. Adhana ikakatika katikati ya neno. Nje, njia yote ikawa kiza.

Lakini kioo cha kompyuta hakikuzimika. Kilibaki kijani, kikinimulika mikono, na chini ya meza kitu kikaanza kulia: pii... pii... kama mtu anayehesabu. Leo najua lilikuwa sanduku la betri tu, la kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Siku ile nilijua jambo moja: mtoto wetu alikuwa akiishi kwa umeme, nami nimeukata. Nikaandika WASHA. Haijui. WASHA TAA. WASHA MTOTO. Mlio ukaharakisha, ukawa mmoja mrefu, kisha kioo nacho kikafa.

Mjomba alinikuta nimejikunyata chini ya meza. "We mwana, umefanya nini?"

Watoto wa darasa la nne siku hizi ukiwawekea kanda ile huzomea. "Uongo! Kompyuta haisemi!" Ni kweli, uongo mtupu. Lakini wanajua kila kitu, maskini, hawaogopi lolote. Sisi tulikuwa tukipita mbele ya mashine iliyozimwa kwa kunyata, tusije tukaiamsha. Hofu ile siipati tena, na wallahi naitamani.

Mama alirudi asubuhi iliyofuata kuchukua kanga, mikono mitupu. Nikamwangukia miguuni, nikamwambia mimi ndiye niliyezima. Akaniinua, akasema:

"Sikiza. Taa zilipozimika nilimtoa mle sandukuni, nikamtia kifuani. Kwenye kiza kile ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Nimemwacha na nyanyako, analia bado. Nenda kanywe chai."