Koti la Baba Pale Ziwani

Mimi ndiye niliyelilia bibi aje. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu wanaonipenda hunitafutia visingizio, eti mtoto wa miaka kumi hana kosa. Nilikuwa nalo, na nitalisema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwezi wa kumi, tumefunga shule ya misheni kwa likizo fupi ya wiki moja. Baba, au tata kama tunavyosema kwetu, alikuwa amerudi kutoka migodi ya dhahabu na kifua kibovu. Alikohoa mpaka akashika nguzo ya zizi asianguke. Dresa wa zahanati alimwambia mama waziwazi kwamba kifua kile kikipigwa na baridi mara moja tu, basi. Akashauri tumtoe kidogo huku milimani Tarime, tumteremshe ziwani kwenye joto, akae juani hata siku moja. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu mpole aliyepeleka mahindi ziwani kwa lori na kurudi na samaki wakavu, alikubali kutushusha ufukweni asubuhi na kutupitia jioni.

Ingetosha twende sisi wanne: baba, mama, mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni, na mimi. Lakini bibi, mama yake mama, aliishi ng'ambo ya mto wetu na hakuwahi kuliona ziwa. Nikalia siku mbili nzima. Mama alisita, na kila Mkurya anajua kwa nini. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huoneana haya mpaka kaburini. Hawaingii chini ya paa moja, hawali wakionana, na mmoja hagusi nguo ya mwenzake. Kumpeleka bibi matembezini pamoja na baba ni kujitafutia kazi.

"Mwache aje," baba alimwambia mama. "Lile ziwa ni pana, hatutakanyagana." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Basi tukaenda. Baba alikaa mbele na dereva, amevaa koti lake zito la mgodini. Bibi alikaa nyuma kabisa juu ya magunia, amejitanda kaniki, akitazama tulikotoka. Ufukweni walikaa mbalimbali, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na mimi nikawa mtu wa kati. Nilimpelekea baba ugali wa wimbi na maziwa mgando, nikarudi kwa bibi na viazi. Nilijiona mkubwa kweli. Bibi aliingiza vidole vya miguu majini, akavitoa, akaviingiza tena. Baba alifungua vifungo vya koti na kufumba macho juani. Kwa muda wa saa nzima hakukohoa. Mama alinionyesha kwa kidevu nimtazame, na alikuwa akitabasamu.

Kisha ziwa likageuka rangi. Upepo ulitoka majini ukiwa wa baridi ambayo sikuwahi kuisikia hata kwetu milimani, na mawingu meusi yakafunika jua. Lori lilikuwa limekwenda. Nyumba za Wajaluo zilikuwa nyuma ya kilima, mbali. Karibu yetu kulikuwa na kibanda kimoja tu cha wavuvi cha kuwekea nyavu, chumba kimoja na mlango mmoja. Mama akamkamata bibi mkono, akanisukuma na mimi, tukaingia kabla mvua haijaanza. Baba alikuja mbio hadi hatua chache kutoka mlangoni, akamwona bibi ndani, akageuka. Alikwenda kujibanza chini ya mtumbwi uliopinduliwa juu ya magogo, ambao mbao zake zilikuwa zimeachana ukingoja kuzibwa.

Ikaanza kunyesha mvua ya mawe. Mawe yalijaa mchangani mpaka pakawa peupe, na pumzi zetu zikaonekana. Mama alimwita baba kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo. Hakuja. Bibi alimsikia akikohoa huko nje, akainuka, akajifunika kaniki kichwani na kutoka ili kumwachia nafasi. Alikwenda kusimama nyuma ya kibanda. Mama alitaka kumfuata, lakini mtoto alikuwa amebadilika rangi kwa baridi. Akanituma mimi kwa baba, nimwambie aingie.

Nilikimbia nimeshika kichwa. Nilimkuta baba amejikunja, midomo inatetemeka. Nilimwambia bibi ametoka kwa ajili yake. Badala ya kufurahi alishtuka. Mama mkwe wake kunyeshewa kwa sababu yake, na yeye ajikinge mahali alipomwondoa! Alivua koti pale pale, akabaki na shati.

"Mpelekee bibi yako ajifunike," alisema. "Mwambie arudi ndani. Mimi siingii."

Nikazunguka kibanda na koti mikononi. Bibi aliliona, akarudi nyuma kana kwamba nimemletea moto.

"Nguo ya mkwe wangu nitaigusaje?" alisema. "Mrudishie upesi, mwanangu. Upesi. Nitarudi ndani, lakini mrudishie."

Kutoka pale hadi kwenye mtumbwi hazikuwa hatua hamsini. Lakini mawe yalikuwa yananipiga masikioni, vidole vilikuwa havina hisia, na koti lilikuwa bado na joto lake. Nililivaa. Nilijiambia nitalipeleka mvua ikipungua kidogo. Niliingia kibandani, na mama aliponiuliza, ulimi wangu haukusita.

"Tata kasema nilivae mimi."

Mama alifunika uso kwa mikono. Bibi aliingia nyuma yangu, amelowa maji, akanitazama nilivyojikunja ndani ya lile koti. Nilingoja aseme. Alikaa kwenye nyavu akageukia ukuta. Mvua haikupungua mpaka lori liliporudi, na baba alipandishwa na dereva kwa kubebwa.

Hakumaliza mwezi ule.

Siku ya matanga bibi aliingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, maana hakukuwa tena na mkwe wa kumwonea haya. Alikaa karibu na figa. Wanawake walikuwa wamejaa, na mama akawasimulia habari za ziwani: jinsi marehemu alivyompenda binti yake, jinsi alivyovua koti lake katika mawe yale akabaki na shati, ili mtoto asipate baridi. Wanawake wakalia, mmoja akanivuta akanilaza kifuani mwake. Juu ya bega lake nilimwona bibi. Alikuwa ananitazama, na mara hii pia hakusema kitu. Alifariki bila kusema.

Mama aliishi miaka mingi baada yake. Alilitunza koti lile kwenye sanduku, na kila nilipokuja likizo, kisha nilipokuja na mume, kisha na watoto, alilitoa akawaonyesha, akasimulia upya. Watoto wangu wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Siku anakata roho alinishika mkono akaniambia nisisahau kamwe jinsi baba yangu alivyonipenda. Nikamwambia sitasahau.